Prince Trésor Katika Sanduku la Wasiotakiwa

Ukitaka kumjua mdogo wangu, usimtafute kwa uso, mtafute kwa herufi. Hapa Bukavu, shuka kutoka Nyawera ukielekea ziwani, inua macho juu ya milango ya maduka. Ukiona R yenye mguu mrefu, kama wa mtu anayetaka kuanza kucheza, hiyo ni ya kwake. Salon za nywele, mafundi wa simu, mashine za kusaga, wote wamepita kwenye brashi yake. Watu wa Ibanda wanasoma kazi yake kila asubuhi na hawajui hata anaitwa nani. Na jina lake ndilo lililotukimbiza siku nzima nitakayoisimulia, kwa hiyo nilitaje mapema. Anaitwa Prince Trésor Mugisho.

Usicheke. Mimi ni Carine, dada yake mkubwa, ninauza vitenge pale Nyawera, na mteja anayecheka jina hilo mbele yangu simpunguzii bei hata kidogo. Baba yetu, Papa Barthélemy, alizaa wasichana watupu, tukafuatana mpaka majirani wa Nyalukemba wakaanza kumhurumia bila kuombwa. Mtoto wa mwisho alipotoka mvulana, Papa alitoka maternité kwa miguu akimsimulia kila aliyekutana naye, wa kumjua na asiyemjua. Prince, kwa sababu nyumba imepata mwana wa mfalme. Trésor, kwa sababu ni hazina. Na Mugisho, ambayo kwa Mashi, lugha yetu, ni baraka. Kwetu mtoto anapewa jina kama anavyopewa zawadi. Ita Trésor katikati ya soko uone vichwa vinavyogeuka. Tuna akina Fortuné, yaani mwenye bahati ya mali, tuna akina Héritier, yaani mrithi, tuna akina Bahati na Faida, na hakuna anayeshangaa.

Kumbe yuko anayeshangaa, tena anayejifanya anajua kila kitu. Huyo ni kompyuta.

Prince hana haraka, sijui alirithi kwa nani, maana mimi na Papa tunachemka upesi kuliko chai. Ukimletea kazi ya kibao, kwanza anakuuliza duka limeitwa kwa nani. Mwenye duka moja alitaka kuandikiwa "Chez Maman Aimée", Prince akamuuliza huyo Maman Aimée yukoje. Ni mama yangu, yule bwana akasema, ni mnene, anacheka mpaka majirani wanasikia. Basi Prince akazichora herufi nene zenye matumbo, zimeegemeana, na siku kibao kilipopandishwa, mama mwenyewe alisimama barabarani akacheka hivyo hivyo alivyosimuliwa. Huo ndio ufundi wake, anaandika watu.

Sasa, kule Lubumbashi kuna nyumba inayofundisha vijana kuchora herufi na picha za vitabu vya watoto. Wanachukua wachache tu kila mwaka, wanawapa pa kulala na chakula, na ukitoka pale umeshatengeneza kitabu chako. Prince alilitamani hilo mpaka akawa analiota. Alichora alfabeti nzima ya Bukavu. A yake ilikuwa mama aliyeinama na mzigo wa kabichi, S ilikuwa barabara inavyojikunja kushuka kwenda ziwani. Aliifunga kwenye bahasha na kuikabidhi kwa msafiri aliyekuwa anapanda ndege Kavumu. Ndani akaandika anwani ya barua pepe aliyofunguliwa na rafiki yake Gentil.

Gentil ana secrétariat public chini kidogo ya kwetu, kile kibanda cha kuchapa, kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Simu ya Prince ni ya vibonyezo, haijui internet, kwa hiyo kila asubuhi Gentil alikuwa anafungua lile sanduku la barua kwa niaba yake, na kila asubuhi anatikisa kichwa. Hakuna kitu. Miezi ikapita hivyo. Prince hakulalamika, lakini mimi ninasoma vibao vyake, na nikaona mguu wa R umeanza kufupika.

Ijumaa moja nikaingia kwa Gentil kutoa kopi, hasira zangu mkononi, maana asubuhi hiyo simu yangu ilikuwa imeniletea tena ile barua ya mjane wa jenerali. Mnamjua. Mume amekufa, ameacha mamilioni, na katika dunia nzima amemchagua Carine muuza vitenge amsaidie kuyatunza. Nilikuwa nimemjibu matusi ambayo siwezi kuyaweka hapa.

"Maman Carine, hapana kuwajibu," Gentil akasema, anacheka. "Ukiwajibu banajua uko muzima. Angalia hii ya Prince. Kwake haziingie. Mashine inazikamata njiani, inazitupa huku."

Akanionyesha pembeni mwa kioo cha kompyuta, neno la Kifaransa, Indésirables. Wasiotakiwa.

"Na wewe unaangaliaka mule?" nikamuuliza.

"Kufanya nini? Iko takataka. Inajifuta yenyewe."

Mimi nina ugonjwa mmoja, napenda kusoma barua za wezi ili nipate mtu wa kutukana. Nikamwambia afungue, nione ni mjane gani wa leo. Akafungua. Ya kwanza ilikuwa ya benki ambayo haipo duniani. Ya pili ilikuwa ya dawa ya kuotesha nywele. Ya tatu ilikuwa na herufi nene: Fortunée Ilunga, Félicitations, yaani hongera, Prince Trésor.

"Ndiye huyu," nikasema. "Ameshakuwa tajiri kabla hajaanza kudanganya. Mufute."

Kidole cha Gentil kilikuwa kimeshashuka. Hapo chini, kwa herufi ndogo, nikaona neno Lubumbashi. Nikamshika mkono kwa nguvu mpaka kiti kikalia.

Barua zilikuwa mbili. Ya kwanza ilisema: Prince Trésor, hongera, alfabeti yako imetushika moyo, tumekuchagua, tuandikie kwamba unakuja. Ya pili ilikuwa imekuja juzi. Madame Fortunée huyo alisema hajapata jibu, na kwamba orodha inafungwa Ijumaa jioni ofisi ikifungwa. Asiposikia kitu, nafasi ya Prince itapewa anayemfuata.

Ijumaa ndiyo hiyo tuliyokuwa ndani yake.

Sikumbuki nilivyopanda ile barabara. Niliacha kopi, niliacha kiatu kimoja kwenye tope nikarudi kukichukua, nikafika Prince akiwa juu ya ngazi anapima ukuta wa duka la dawa, kibao cha manjanja, lile bati letu, kimeegemezwa chini, kimeshapakwa rangi nyeupe kinangoja maneno. Nikamwita kwa majina yake yote. Wauza ndizi wakasimama, motari mmoja akazima pikipiki yake asikie.

"Banakuchagua!" nikamwambia. "Lubumbashi banakuchagua!"

Akanitazama kutoka juu. "Carine, hapana nichezea."

Nikaapa kwa mama yetu marehemu. Hapo akashuka, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwona mdogo wangu anakimbia.

Kwa Gentil mimi ndiye niliyetoa maneno ya jibu, kwa sababu Prince alikuwa bado anahema kwa zile mbio na Gentil anajua kuchapa tu. Nilitaka Madame ajue ametuandikia watu wenye adabu. Juu kabisa nikasema waandike HARAKA SANA, JIBU LA FURAHA. Kisha hivi: Mpendwa Madame Fortunée, amani ya Bwana iwe nawe na familia yako yote. Hatujaonana lakini moyo wetu umeshakujua. Mimi, Prince Trésor Mugisho, mwana wa pekee wa Barthélemy, ninapokea kwa machozi ya furaha hazina hii uliyonitunzia. Naomba unijibu leo leo. Mungu akuzidishie mara mia.

Ilikuwa nzuri sana. Gentil akaituma, tukakumbatiana, nikanunua Fanta, mtoto wa jirani akatumwa kumpa Papa habari. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza kitenge gani nitamshonea shati la safari.

Mchana umeshageuka, Gentil akachungulia tena mule kwa wasiotakiwa. Barua mpya. Madame Fortunée: Prince Trésor, bado sijaona jibu lako. Nimewaomba wenzangu wangoje mpaka jioni, zaidi ya hapo siwezi. Tafadhali.

Nikaitua Fanta chini. Tulikuwa tumejibu, tena vizuri, na mashine ilisema imetuma.

Gentil akaifungua barua yetu, akanisogezea kioo. "Maman Carine, soma hii sawa vile hautujue."

Nikasoma. Haraka sana. Mpendwa. Amani ya Bwana. Mwana wa pekee. Machozi. Hazina uliyonitunzia. Jibu leo leo. Na chini yake, Prince Trésor. Wallahi, kama ingeingia kwenye simu yangu, ningeitukana mpaka koo likauke.

"Sasa unaona," Gentil akasema taratibu. "Hiyo mashine ya kuchuja, balioitengeneza bako mbali. Kwao hakuna mutu anaitwaka Trésor. Wakiona prince na trésor ku barua moja, banajua ni mwizi. Na mwenzake ni Fortunée, anaandika félicitations. Naye banamutupa huku. Hawa wawili hata wakiandikiana mwaka muzima, hawatasikilizana."

Hapo damu ikanipanda. Wakongomani wawili, kila mmoja na jina la ubatizo, mmoja Bukavu mwingine Lubumbashi, wote wanatafutana, na katikati kuna kitu hakina mama wala baba kinaamua hawa ni wezi. Wezi wenyewe wananifikia kila asubuhi kwenye simu yangu, wanalala humo bila wasiwasi. Anayezuiwa ni mtoto wetu. Nilisema maneno mengi, na Gentil, maskini, akawa anaitikia kana kwamba ni yeye aliyeitengeneza.

Kwenye barua kulikuwa na namba ya ofisi, simu ya mezani, WhatsApp haina. Nikapiga. Akapokea mwanamume mwenye sauti ya kuchoka.

"Allô papa, huku ni Bukavu. Niko dada ya Prince Trésor. Mulituandikia ati félicitations, tumechaguliwa, sasa tunataka..."

"Prince nani?"

"Prince Trésor. Muulize Madame Fortunée, ndiye alituandikia."

Akavuta pumzi. "Madame iko mu mukutano. Na nyinyi watu mumezidi. Jana ilikuwa mwingine, anaitwa Héritier. Tafuta kazi, mama." Akakata. Nikapiga tena, ikalia mpaka ikanyamaza. Nikapiga tena, wakaichomoa kabisa.

Hapo ndipo Papa Barthélemy akaingia. Amevaa koti lake la misa, amenyoa, na njiani kote alikuwa ameshawaambia watu, maana nyuma yake nilisikia mtu anapiga vigelegele. Akanyoosha mikono kumkumbatia mwanawe, akaona nyuso zetu.

"Kuko nini?"

Gentil hana ubaya, ila hajui kunyamaza. Akamweleza yote, jinsi mashine inavyosoma jina na kulitupa. Papa akakaa kwenye lile benchi la wanaongoja picha. Akavua kofia, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Muandike Mugisho tu," akasema. "Ile Prince na Trésor muzitoe. Nilikuwa na furaha siku ile. Sikujua niko nafungia mutoto mulango."

Nililia. Sifichi, nililia mbele ya wateja wa Gentil. Yule mzee alitembea na jina hilo mdomoni mwake kutoka maternité mpaka nyumbani, na sasa analitoa mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Prince akapiga magoti mbele yake. "Papa, Mugisho hawamujue. Balichagua Prince Trésor." Akakaa hivyo, mikono juu ya magoti ya Papa, na macho yake yakashuka kwenye vidole vyake vyenye rangi. Akaviangalia. Kisha akageuka.

"Gentil, mashine inasomaka rangi?"

"Namna gani?"

"Nikiandika ku manjanja, na brashi. Kisha wewe upige foto. Itasoma jina?"

Gentil akakuna kichwa. "Ile itaona ni foto. Maandiko ya ndani, sizani kama itasoma."

Tulitoka wote mbio, Papa na koti lake la misa, mpaka kwenye duka la dawa. Kile kibao cheupe kilikuwa kinangoja maneno ya mwenye duka. Prince hakumwomba ruhusa, na mwenye duka, alipoona Papa analia na kucheka kwa pamoja, hakuuliza. Nikawa ninashika kopo la rangi. Mimi ninayejua upole wa mdogo wangu, sijawahi kuona brashi ikikimbia vile. Herufi zilitoka kwenye ile alfabeti yake, kila moja mtu wa Bukavu. R zilikuwa tatu, na miguu yake ilikuwa mirefu kuliko ya kibao chochote hapa mjini, wa mwisho ulivuka ukingo wa bati. PRINCE TRÉSOR MUGISHO. Chini yake neno moja: NINAKUJA.

"Jina kubwa hivi?" Papa akauliza.

"Ni la kwangu," Prince akasema.

Jua lilikuwa linaondoka kwenye ukuta, Gentil anapiga kelele tujipange. Papa akakikumbatia kibao upande mmoja, rangi bado mbichi, koti la misa likachukua nusu ya herufi M na hakuna aliyejali. Prince upande wa pili, brashi mkononi. Gentil akapiga. Tukaituma kutoka anwani yangu, ile ninayoagizia vitenge, yenye jina langu la Carine ambalo halimtishi mtu. Nilitaka kuongeza hata amani ya Bwana kidogo tu, Gentil akanikataza. Tukaandika: Madame, angalia foto. Basi.

Halafu tukangoja pale pale duka la dawa, na kungoja kwangu mnakujua. Nilifungua sanduku langu la barua, nikafunga, nikafungua. Hakuna. Barabarani maduka yalikuwa yanateremsha milango, na kila mlango uliogonga chini niliona ni wa ile ofisi ya Lubumbashi. Prince alikuwa amekaa ameshika brashi iliyokauka. Nikafungua tena. Hakuna kitu, wala hata yule mjane.

"Na kule kwa wasiotakiwa?" Papa akasema.

Tukatazamana. Madame ni Fortunée, na mimi simu yangu ilikuwa imefundishwa na mashine ile ile. Nikakosea mara kadhaa kabla sijafika. Alikuwepo. Juu kabisa, Fortunée Ilunga, amelala pamoja na dawa za nywele.

Nikasoma kwa sauti, watu wa mtaa wameshajaa mlangoni.

"Prince Trésor Mugisho, nimekuona, na papa yako nimemuona. Mukono wako nimeutambua kabla sijasoma. Nimeenda kutafuta barua yako, nimeikuta mu takataka zangu, tumeisoma ofisi muzima, tumecheka mpaka machozi, mutusamehe. Nafasi ni ya kwako. Dada yako apige tena, nitapokea mwenyewe."

Kelele zilizotoka pale zilifika kanisani. Gentil alimbeba Prince mabegani, mwenye duka la dawa akaanza kuuliza kibao chake sasa itakuwaje, vigelegele vikamfunika. Mimi nilikuwa ninacheka, kamasi zinanitoka.

Papa peke yake hakusimama. Akanivuta kitenge.

"Soma tena."

Nikaanza tena, Prince Trésor Mugisho, nimekuona, na papa yako...

"Hapana yote," akasema. "Mwanzo tu. Vile aliandika."

"Prince Trésor Mugisho," nikasoma.

Akaitikia kwa kichwa polepole, mkono wake juu ya ile M iliyokauka kwenye koti.

"Tena," akasema.